Harufu ya Mtaro wa Bondeni

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa yunifomu, Nelvine alishuka chemchemini kuteka maji, na kila asubuhi alivuka mtaro akiwa ameziba pua kwa mkono wa sweta yake. Hakukuwa na njia nyingine. Mtaro ulianzia juu sokoni, ukapita nyuma ya nyumba za kupanga za mtaa wa Bondeni, kisha ukateremka hadi karibu kabisa na chemchemi. Ng'ambo ya pili mashamba ya chai yalikuwa ya kijani kibichi, yamekatwa sawasawa kama kichwa cha mtoto aliyetoka kwa kinyozi. Huku Bondeni macho hayakupata pa kupumzika.

Zamani mtaro ule ulichimbwa ili upitishe maji ya mvua. Mwaka huo wa 1996, maji ndiyo yaliyokosa nafasi. Ndani yake mlikuwa na maganda ya viazi, manyoya ya kuku, matumbo ya mbuzi kutoka buchani, nepi za watoto na viatu vilivyooza. Juu yake palitanda utando mzito uliotoa mapovu polepole kama uji unaotaka kuchemka. Inzi walikuwa wengi hata ukifungua kinywa kuzungumza unaweza kumeza mmoja. Lori la kuzoa taka lilikuwa limeacha kuja, na watu walikuwa wameacha hata kuliulizia.

Asubuhi moja, ubao wa kuvukia uliteleza. Nelvine alijaribu kujishika, akakosa pa kushika, na mguu wake wa kulia ukazama hadi gotini. Kitu laini kilijizungusha kwenye kifundo chake.

"Nivute! Kemuma, nivute!" alipiga kelele.

Kemuma, rafiki yake wa darasa la sita, alitupa mtungi chini akamvuta kwa mikono miwili. Mguu ulitoka kwa mlio wa kunyonya. Ulikuwa mweusi, na kwenye vidole palining'inia utumbo uliojaa funza weupe wanaojinyonganyonga. Nelvine aliutazama mara moja tu, akainama na kutapika chai yote aliyokunywa.

"Pole," Kemuma alisema, huku naye amegeuza uso. "Usiangalie. Nitakumwagia maji."

Alipofika nyumbani, bibi yake alimsimamisha uani na kumsugua kwa jiwe mpaka ngozi ikawa nyekundu. Nelvine aliishi na bibi huyo ili awe karibu na shule, kwa sababu wazazi wake walifanya kazi ya kuchuma chai huko Kimulot. Alimwita Kogo, kama watoto wote wa Kipsigis wanavyowaita bibi zao, na watu wa mtaa walimwita Kogo Jerusa. Alikuwa na ploti ya vyumba vya kupangisha, alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na hakuna aliyewahi kuona kitambaa chake cha kichwa kikiwa na doa. Ua wake ulifagiliwa asubuhi na jioni.

"Watu wa mtaa huu ni wachafu ajabu!" Kogo alisema huku akisugua. "Hawana haya. Mtu anatupa uchafu wake kwa mlango wa mwenzake, kisha anaingia ndani kula."

Nelvine alikubaliana naye kabisa. Siku nzima darasani alihisi harufu ile imemganda mguuni.

Wiki iliyofuata mvua ya mawe ilinyesha alasiri. Mawe yalipiga paa la shule kwa kelele hata mwalimu hakusikika, na ilipopungua kidogo wanafunzi waliruhusiwa kwenda nyumbani. Nelvine alikimbia. Alipoingia uani alikuta mlango wa nyumba uko wazi na Kogo hayupo. Akasikia chuma kikigonga jiwe nyuma ya choo cha wapangaji.

Alizunguka polepole. Kogo alikuwa amesimama kwenye mvua, amevaa viatu vya gambuti na gunia kichwani, akichokonoa chini ya ukuta wa choo kwa mtaimbo. Jiwe kubwa lilitoka. Kwa muda mfupi hapakutokea kitu. Kisha shimo likatapika.

Nelvine hakuwa na neno lingine la kulieleza. Uji mzito wa rangi ya kahawia ulisukumana kutoka shimoni, umechanganyika na vipande vya magazeti, ukaingia kwenye maji ya mvua na kuteremka mtaroni. Harufu ilimpiga usoni kama mkono wa mtu. Alishika ukuta, akatapika.

Kogo aligeuka ghafla. "Wewe! Mbona umetoka shuleni?"

"Kogo, unafanya nini?"

"Choo kimejaa. Wapangaji waende wapi?" Kogo alijibu, akirudisha jiwe kwa mguu. "Mvua kama hii inabeba kila kitu mpaka mtoni. Kesho hutaona chochote."

"Lakini chemchemi iko kule chini."

"Nimesema mvua inabeba. Ingia ndani ubadilishe nguo. Na mambo ya nyumba hayatoki nje, umesikia?"

Nelvine alisikia. Jioni hiyo Kogo alinawa mikono kwa sabuni mara nyingi, akapika ugali, akamimina mursik, maziwa ya kibuyu, akaomba kabla ya kula. Nelvine aliutazama mkono wa bibi yake ukimega ugali, akasema hana njaa.

Haukupita muda mrefu kabla watoto wa Bondeni kuanza kuugua. Kwanza waliharisha wawili watatu katika vyumba vya juu. Kisha Sagini, ndugu mdogo wa Kemuma ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akaanza kuharisha damu. Nelvine alienda kumwona. Chumba kilinuka vibaya. Mtoto alilala juu ya gunia, macho yamezama ndani, midomo imekauka, na inzi walitembea kwenye kope zake bila yeye kuwa na nguvu ya kuwafukuza. Baba yao, Nyang'au, alikuwa mchuuzi wa ndizi aliyekuja kutoka Kisii kabla Kemuma hajazaliwa. Alimfunga mtoto kifuani kwa leso akapanda gari kumpeleka hospitali ya Kapkatet.

Siku mbili baadaye Sista Rodah, muuguzi wa zahanati, alikuja mtaani. Hakwenda nyumbani kwa mtu. Aliteremka moja kwa moja chemchemini, akachota maji kwa glasi, akarudi nayo mpaka kwenye baraza la duka la Gibson, mahali watu walipozoea kukutana.

"Nani ana kiu?" aliuliza.

Watu walitazamana. Maji yalionekana masafi.

"Haya ndiyo maji mnayowapa watoto," Sista Rodah alisema. "Nilipeleka mengine yakapimwe. Sitaki kuwaficha kwa lugha tamu. Mnakunywa vinyesi. Mnapikia vinyesi. Mnawachanganyia watoto uji kwa vinyesi."

Mama mmoja alifunika kinywa. Mzee aliyekuwa na kikombe cha chai mkononi alikiweka chini taratibu, akakisukuma mbali.

"Si tuwangoje wa kanjo walete lori lao?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Wangoje wewe," Sista alimjibu. "Mtoto wa Nyang'au yuko hospitali na sindano ya maji mkononi. Yeye hawezi kungoja."

Siku hiyo hiyo waliunda kikundi. Walikubaliana kuuzibua mtaro wote kuanzia chini hadi juu, kisha kuijengea chemchemi ukuta na bomba. Walimchagua Kogo Jerusa awe mwenyekiti, maana nani mwingine alikuwa msafi kama yeye? Kogo alisimama na kushukuru. Nelvine alikuwa amesimama karibu na mlango wa duka, akatazama makofi yakipigwa, yeye hakupiga.

Jumamosi kazi ilianza. Wanaume walileta majembe, sepetu na wilbaro, wanawake wakafunga pua kwa vitambaa, na watoto wakapewa kazi ya kuzoa taka kavu. Hakuna aliyefanya kazi ile akatamani chakula cha mchana. Kila sepetu iliyoinuliwa iliachia harufu mpya. Walitoa mbwa aliyekufa zamani, ambaye alikatika vipande alipovutwa. Walitoa godoro lililojaa maji meusi, na lilipobanwa likatoa minyoo mirefu myekundu. Gibson, mwenye duka, aliyekuwa mnene na mwenye maneno mengi, alikimbilia nyuma ya ukuta mara kwa mara, na waliobaki walimsikia akikohoa na kutema mate. Nyang'au ndiye aliyeingia katikati ya mtaro bila gambuti, suruali imekunjwa, akachimba bila kusema neno. Alikuwa ametoka hospitalini alfajiri.

Hata hivyo kazi ilikwenda. Jumamosi ya pili mtaro ulianza kuonekana sakafu yake. Maji yalianza kutiririka. Watu walimwaga changarawe kwenye kijia, na Mama Kemuma akapanda nyasi za mabingobingo kandokando ili udongo usiporomoke. Mtu alipita akasalimiana na mwenzake bila kuziba pua. Gibson alipaka baraza lake rangi nyeupe. Kwa siku chache Bondeni palikuwa mahali pengine.

Kisha mvua kubwa ikanyesha alasiri ya Jumatano.

Asubuhi ya Alhamisi Nelvine aliposhuka na mtungi, aliisikia harufu kabla hajafika. Sakafu ya mtaro iliyokuwa imesafishwa ilikuwa imepakwa uji wa kahawia. Vipande vya magazeti vilikuwa vimenasa kwenye mabingobingo. Rundo kubwa lilikuwa limejikusanya kwenye kona ya chini, mbele ya mlango wa kina Kemuma, na inzi walikuwa wameshalifunika hata likaonekana jeusi. Kemuma alikuwa amesimama mlangoni na ufagio, akilia kwa hasira.

"Nani anaweza kufanya hivi?" alimuuliza Nelvine. "Huyo kwani si binadamu?"

Nelvine aliinamisha macho, akachukua ufagio mkononi mwa Kemuma.

Jioni ile watu walijaa kwenye baraza la Gibson wakiwa na hasira. Mikono yao ilikuwa bado na malengelenge ya sepetu.

"Mimi nasema wazi," Gibson alianza. "Uchafu umekutwa kwa mlango wa nani? Kwa Nyang'au. Hawa watu wa ndizi wamezoea kuishi na takataka. Tunasafisha, wao wanachafua."

"Gibson, fikiria kabla ya kusema," Nyang'au alijibu. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Mimi naishi chini kabisa. Kinyesi kinapanda mlima? Mtoto wangu ndiye aliyelazwa. Nimtilie sumu mimi mwenyewe?"

"Basi kimetoka wapi? Tuambie!"

"Ahame!" mtu alipaza sauti. "Arudi kwao!"

Wengine wakaitikia. Nyatichi, yaani Mama Kemuma, alimvuta Kemuma karibu naye. Sista Rodah aliinua mkono kuomba utulivu, lakini hakuna aliyemsikiza. Macho yote yalimgeukia mwenyekiti.

Kogo Jerusa alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele, kitambaa chake kikiwa cheupe kama maziwa. Alikohoa kidogo.

"Labda Nyang'au ahame kwa muda," alisema bila kumtazama mtu. "Tuone kama uchafu utaisha."

Nelvine alihisi kile alichohisi siku alipozama mtaroni: kitu laini kikijizungusha kifundoni. Lakini safari hii harufu haikutoka mtaroni. Ilitoka kwenye maneno ya bibi yake, mtu aliyempenda kuliko wote mtaani. Alijua kwamba akinyamaza dakika moja zaidi, yeye pia atanuka vivyo hivyo.

"Kogo," alisema. Sauti ilitoka ndogo. Akarudia kwa nguvu. "Kogo, ni choo chetu."

Watu wote wakamgeukia.

"Mtoto huyu ana homa," Kogo alisema haraka. "Tangu juzi hali vizuri."

"Sina homa. Mvua ikinyesha unatoa jiwe nyuma ya choo. Nilikuona siku ya mvua ya mawe. Na jana nilisikia mtaimbo tena." Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Baba Kemuma hajafanya chochote."

"Twendeni tukaangalie," Sista Rodah alisema.

Walikwenda wote. Nyuma ya choo ukuta ulikuwa na mfereji wa uchafu uliokuwa bado mbichi, na kipande cha gazeti kikining'inia kwenye jiwe kama ulimi. Funza walikuwa wakitambaa juu ya mtaimbo ulioegemezwa ukutani. Gibson alitazama, akageuka, na safari hii hakuwahi kufika nyuma ya ukuta. Alitapikia viatu vyake mwenyewe.

Kogo Jerusa alikaa chini, pale pale kwenye nyasi zenye unyevu, na sketi yake ikashika uchafu.

"Ni kweli," alisema. "Shimo lilijaa mwaka jana. Niliona haya watu wajue kwamba choo cha Jerusa kimejaa. Nikasema mvua itabeba."

"Mvua ilimbebea mtoto wangu," Nyang'au alisema.

Nelvine hakuwahi kumwona bibi yake akilia. Kogo alilia bila sauti, kichwa kimeinama.

"Naacha uenyekiti," alisema hatimaye. "Na kama mnataka nihame mimi, mna haki."

Kelele zilianza, lakini Nyang'au aliinua mkono. "Akihama, shimo hili litahama naye? Choo bado kimejaa, na wapangaji bado watakitumia kesho. Kwanza tuseme shimo jipya litachimbwa wapi."

Ploti ya Kogo ilikuwa imebanwa na vyumba pande zote. Sehemu moja tu ndiyo iliyobaki wazi, mbali na mtaro na chemchemi: bustani ya maua mbele ya dirisha lake, ambayo wageni wa kanisa walipenda kuisifu. Sista Rodah aliitazama, kisha akamtazama Kogo.

"Chimbeni hapo," Kogo alisema.

Alfajiri ya kesho yake alikuwa wa kwanza kushika jembe. Aling'oa mawaridi kwa mikono yake. Wanaume walichimba kwa zamu, na Gibson, ambaye kwa siku kadhaa hakuthubutu kumtazama Nyang'au machoni, alileta saruji na mawe kutoka nyuma ya duka lake. Mwishowe, siku moja wakiwa ndani ya shimo, Nelvine alimsikia akisema, "Nyang'au, nilikutukana. Nisamehe." Nyang'au alimpa ndoo ya udongo. "Nimesikia. Vuta hii kwanza." Shimo la zamani lilimwagiwa majivu na kufukiwa, na lile tundu chini ya ukuta likazibwa kwa zege. Kogo hakukubali mtu mwingine asafishe mtaro mbele ya mlango wa Nyang'au. Aliingia mwenyewe na sepetu, akainama, akazoa. Nelvine alitaka kumsaidia, akamkataza.

"Huu ni wangu," alisema.

Sagini alirudi kutoka Kapkatet akiwa mwembamba, miguu kama vijiti, lakini akidai ndizi kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Mwezi uliofuata chemchemi ilikamilika. Ilizungushiwa ukuta, ikafunikwa kwa zege, na maji yakatoka kwenye bomba la chuma. Sista Rodah aliyapeleka yakapimwe, akarudi akisema ni salama, ingawa bado alitaka kila nyumba ichemshe ya kunywa.

Watu walikusanyika na vikombe. Maji yalimiminika, meupe na baridi, na hakuna aliyesogea. Kila mmoja alikumbuka alichokizoa kwa sepetu yake. Mama mmoja alisonya na kuficha kikombe ndani ya leso.

Kogo Jerusa alisogea mbele. Alikinga kikombe, akanywa mpaka chini. Akakinga tena, akamletea Nyang'au kwa mikono miwili, kichwa kimeinama. Nyang'au alikitazama kikombe kwa muda mrefu. Nelvine aliona koo lake likipanda na kushuka kama la mtu anayezuia kutapika. Halafu akanywa. Alipomaliza, alimpitishia Gibson kikombe, na hapo watu wakaanza kusogea.

Wakati wa kurudi nyumbani, Kogo alimshika Nelvine mkono.

"Umenikasirikia, Kogo?" Nelvine aliuliza.

"Siku ile nilikukasirikia sana. Nilidhani umenivua nguo mbele ya watu." Kogo alisimama kupumua, akautazama mtaro uliokuwa ukipitisha maji. "Sikiliza, mtoto wangu. Mimi nilichukia uchafu maisha yangu yote, lakini nilichukia wa watu wengine. Wangu niliuficha, na kwa sababu niliuficha ukaingia kwenye kikombe cha mtoto. Ukiona kitu kinakutia kinyaa, anza kuangalia nyumbani kwako. Na ukikuta kimetoka kwako, sema mapema, hata kama aibu itakuchoma. Aibu itapoa. Mtoto akifa harudi."

"Nilichelewa kusema, Kogo."

"Ulichelewa kidogo. Mimi nilichelewa sana. Sasa chukua mtungi, ukamsaidie Kemuma kufua nepi za Sagini. Na maji ya kufulia myamwage kwenye shimo, si mtaroni."

Nelvine aliuchukua mtungi, akashuka.